Mjaribu na Mjaribiwa: Wanafunzi wa Saikolojia katika Mikutano ya Wataalamu

Kitenzi kujaribu huzaa majina mawili yanayofanana kama ndugu wa tumbo moja: mjaribu na mjaribiwa. Machoni pa msomaji tofauti yao ni herufi chache. Katika maabara ya saikolojia tofauti hiyo ni kama ya mwenye mizani na kitu kinachopimwa. Mjaribu huuliza, huandika, na mwishowe husimama mbele ya wenzake kwa jina lake akaeleza aliyoyaona. Mjaribiwa hujibu, huondoka, na hubaki katika jedwali kama nambari isiyo na uso. Kwa muda mrefu wanafunzi wa shahada ya kwanza walijulikana katika elimu hii kwa jina la pili. Waliingia katika mikutano ya wataalamu zamani sana, lakini waliingia wakiwa ndani ya majedwali. Walihesabiwa kwanza, wakasikilizwa baadaye. Habari za jinsi walivyovuka kutoka jina moja hadi jingine ni habari za Marekani kwa sehemu kubwa. Walakini zinawahusu wanafunzi wa Afrika ya Mashariki pia, kwa kuwa watu wa kwao nao wamo katika baadhi ya majedwali hayo.

Hapo mwanzo mpaka huo haukuwapo. Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara yake huko Leipzig, Ujerumani, mwaka wa 1879, kazi ilifanywa na watu wachache waliojuana. Leo mwanafunzi mmoja alishika saa iliyohesabu sehemu za elfu za sekunde, na mwenziwe akakaa kitini kungojea ishara ya taa au ya sauti; kesho wakabadilishana. Aliyekaa kitini hakudharauliwa. Kinyume chake, yeye ndiye aliyehesabiwa kuwa na kazi ngumu zaidi, maana ilimlazimu kuitazama nafsi yake na kutoa habari zake pasipo kosa. Jina lake liliandikwa katika taarifa, na mara nyingine aliyekaa hapo alikuwa Wundt mwenyewe. Lakini wanafunzi hao walikuwa wakitafuta shahada ya udaktari, nao walikuwa wamekwisha kuingia katika ufundi wenyewe. Swali la kijana wa miaka ishirini aliye katika shahada ya kwanza lilikuwa bado halijazuka.

Lilizuka Marekani. Stanley Hall alianzisha Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani katika Chuo Kikuu cha Clark mwezi wa Julai mwaka wa 1892, na wanachama wa kwanza walikuwa 31. Mkutano wa kwanza wa mwaka ulifanyika Philadelphia mwezi wa Desemba wa mwaka uo huo. Chama kilikuwa kidogo hata wanachama wote wangeweza kukaa katika chumba kimoja, na desturi yake ilikuwa kama ya baraza la wazee: mwenye makala aliisoma, wenzake wakamwuliza, na kijana, kama alikuwapo, alikaa pembeni. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa jambo hilo. Barazani kijana humimina kahawa, husikiliza, na hungoja kuulizwa. Desturi hiyo ina heshima yake na faida yake, kwani penye wazee haliharibiki neno. Ina hasara pia, nayo ni kwamba swali la kijana huweza kufa kabla halijatamkwa.

Miongoni mwa waliofungua mlango mapema ni mwanamke, Margaret Floy Washburn, na yafaa kukaa kidogo juu ya habari zake. Alizaliwa New York mwaka wa 1871, akasoma katika chuo cha wanawake cha Vassar, kisha mwaka wa 1894 akapewa shahada ya udaktari na Chuo Kikuu cha Cornell. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kutunukiwa shahada hiyo katika saikolojia. Mwaka wa 1903 alirudi Vassar kufundisha, akakaa huko mpaka alipostaafu mwaka wa 1937. Vassar kilikuwa chuo cha shahada ya kwanza, wala Washburn hakutaka kulea wanafunzi wa udaktari katika idara yake. Aliona kuwa msichana mwenye haja hiyo afadhali aende katika chuo kikuu kinachosomesha wanaume na wanawake pamoja. Kwa hiyo mikono aliyokuwa nayo maabarani ilikuwa ya wasichana wa miaka ishirini na kitu, na mwalimu mwingine angesema haitoshi.

Yeye aliona inatosha. Kila mwaka alitafuta maswali madogo yanayoweza kujibiwa kwa miezi michache na kwa vyombo vilivyokuwapo. Alipanga njia ya jaribio. Wasichana wakafanya majaribio na kuhesabu matokeo. Yeye akaandika taarifa. Kisha likafanyika jambo lililokuwa adimu kwa zama zile. Taarifa ilichapishwa katika jarida la saikolojia ambalo Hall aliliasisi mwaka wa 1887, jarida lililosomwa na wakubwa wote wa elimu hiyo, na majina ya wasichana yakawekwa pamoja na jina la mwalimu wao. Mfululizo huo ulianza mwaka wa 1905 ukaendelea hata mwaka wa 1938. Taarifa zake zilikaribia 70, na wanafunzi walioandikwa majina walipita mia moja. Taarifa moja ya mwaka wa 1912 ingempendeza mwanafunzi yeyote wa lugha, maana iliuliza kama sauti za matamshi, zikiwa hazina maana yoyote, zapendeza au zachukiza sikioni.

Yaweza kusemwa kwamba kuchapishwa jina si kusimama mbele ya watu. Ni kweli, na tofauti hiyo Washburn aliijua kuliko wengi. Edward Titchener, aliyekuwa mwalimu wake huko Cornell, aliunda mwaka wa 1904 kikundi cha wanasaikolojia wa maabara kilichokutana kila mwaka pasipo urasmi. Watu walivuta tumbaku, wakabishana wapendavyo, wakaonyesha kazi ambazo hazijakamilika. Vijana wa kiume walikaribishwa, kwa kuwa Titchener alitaka wajifunze kwa kushiriki; wanawake hawakuruhusiwa. Sababu iliyotajwa ilikuwa ule moshi na ukali wa mazungumzo, kana kwamba elimu yenyewe haiwezi kunenwa bila tumbaku. Christine Ladd-Franklin, mtaalamu wa jinsi jicho linavyoona rangi, alimpinga Titchener waziwazi mwaka wa 1914, asifanikiwe. Basi Washburn, aliyekuwa rais wa chama kizima cha wanasaikolojia mwaka wa 1921, hakuweza kuingia katika chumba alichoingia kijana wa kiume asiye na kitabu wala cheo. Titchener alifariki mwaka wa 1927. Kikundi kilipangwa upya mwaka wa 1929, Washburn akachaguliwa, na mwaka wa 1931 kikafanya mkutano wake Vassar, yeye akiwa mwenyeji.

Habari hii haina budi kusomwa pamoja na ile ya majina ya wasichana. Mwalimu aliyewekwa nje ya mlango ndiye aliyeandika majina ya wengine ndani. Huenda hakufanya hivyo kwa sababu hiyo, wala si kazi ya historia kusoma mioyo ya watu. Lakini mambo yote mawili yalitokea katika maisha ya mtu mmoja na kwa miaka ile ile.

Mwaka huo wa 1929 una tukio jingine. Mwezi wa Septemba mkutano wa tisa wa kimataifa wa saikolojia ulifanyika katika Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven. Mikutano hiyo ilianza Paris mwaka wa 1889, na hii ilikuwa mara ya kwanza kufika Marekani. Pavlov alikuja kutoka Urusi, naye alikuwa akikaribia umri wa miaka 80. Köhler alikuja kutoka Ujerumani. Avumaye baharini papa kumbe wengi wapo. Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Kansas, Edwin Newman na Frederick Lewis, walikuwa wamewaza tangu mwaka wa 1927 kuunda chama cha wanafunzi wa saikolojia cha nchi nzima. Tarehe 4 Septemba, kando ya vikao vya wakubwa, wajumbe wa vyuo vilivyokubali walikutana na chama kikazaliwa, kikiwa na matawi 22. Kwanza kiliitwa Sigma Pi Sigma, kisha ikagunduliwa kwamba wanafunzi wa fizikia walikuwa wamekwisha kulitwaa jina hilo. Mwaka uliofuata kikaitwa Psi Chi. Newman alikuwa rais wake wa kwanza, na baadaye akawa profesa huko Harvard. Wanafunzi hao hawakuja New Haven kusoma makala. Lakini walichagua kuzaliwa mahali pale pale wataalamu walipokuwa wamekusanyika, na uchaguzi huo haukuwa wa bahati.

Wakati chama hicho kilipokuwa kikikua, jambo lingine lilikuwa likitendeka polepole, nalo lilirudisha wanafunzi nyuma. Ule usawa wa Leipzig, ambapo mtu alikaa kitini leo na kushika saa kesho, ulitoweka. Njia mpya za hesabu zilidai wajaribiwa wengi, si watatu au wanne. Na hapo hapo vyuo vya Marekani vilikuwa na madarasa ya utangulizi yenye mamia ya vijana. Haja ikakutana na wingi. Ikawa desturi katika vyuo vingi kwamba anayesoma saikolojia mwaka wa kwanza hutoa saa kadhaa za kujaribiwa, kama mpangaji wa shamba atoavyo sehemu ya mavuno. Mwaka wa 1946 Quinn McNemar wa Chuo Kikuu cha Stanford alilalamika kwamba elimu iliyojiita ya tabia ya mwanadamu ilikuwa imekuwa, kwa sehemu kubwa, elimu ya tabia ya wanafunzi wa mwaka wa pili. Lalamiko hilo limerudiwa mara nyingi tangu hapo, na kila linaporudiwa watu hucheka kidogo, kisha huendelea kama zamani.

Kosa la desturi hiyo lilionekana wazi mahali ambapo wachache walitazamia, yaani katika Afrika. Mwaka wa 1966 kilitoka kitabu cha Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits juu ya athari ya utamaduni katika kuona. Watu karibu 1,900 walionyeshwa michoro inayodanganya macho. Mmoja wa michoro hiyo una mistari miwili iliyo sawa kwa urefu. Ncha za mstari mmoja zimetiwa vijiti vinavyofungukia nje, na za mwingine vijiti vinavyorudi ndani, na mtazamaji hudhani ule wa kwanza ni mrefu zaidi. Miongoni mwa walioulizwa walikuwamo Wanyankole na Watoro wa Uganda, watu wa Kongo, Wazulu, na wawindaji wa Kalahari. Upande wa Marekani walikuwamo wakazi wa Evanston na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Northwestern kilichopo hapo. Ikaonekana kwamba Wamarekani ndio waliodanganyika zaidi na mistari hiyo, na wawindaji wa Kalahari karibu hawakudanganyika kabisa. Kumbe yule mwanafunzi aliyetwaliwa kuwa kielelezo cha binadamu wote alikuwa amesimama mwishoni mwa safu. Mnyankole na kijana wa Northwestern waliwekwa katika jedwali moja, wote wakiwa wajaribiwa, na Mnyankole ndiye aliyeonyesha kwamba kijana yule hakuwa kipimo.

Miaka arobaini na zaidi ilipita, na hesabu bado zilikuwa za kutia haya. Mwaka wa 2008 Jeffrey Arnett aliyachunguza majarida makubwa ya chama cha wanasaikolojia cha Marekani, akakuta kwamba 96 katika kila 100 ya wajaribiwa walitoka katika nchi za Magharibi zenye viwanda, nchi ambazo watu wake hawafiki hata thumuni ya watu wa dunia. Katika jarida moja la saikolojia ya jamii, theluthi mbili ya sampuli za Marekani zilikuwa za wanafunzi wa saikolojia tu. Mwaka wa 2010 Joseph Henrich na wenzake waliutumia ushahidi wa namna hiyo, pamoja na ule wa mistari ya mwaka wa 1966, kudai kwamba watu hao ni miongoni mwa wasiofanana na wengine duniani.

Sharti sasa kurudi nyuma, katika mwaka wa 1969, maana ulikuwa na mambo matatu yasiyojuana ambayo kwa pamoja yaligeuza hali ya mwanafunzi mkutanoni.

La kwanza lilikuwa la kelele. Chama cha Wanafunzi Weusi wa Saikolojia kiliundwa mwaka huo katika mkutano wa wanasaikolojia wa magharibi uliofanyika Vancouver. Mwezi wa Septemba wanafunzi hao walifika Washington, kwenye mkutano mkuu, na wakati rais George Miller alipokuwa karibu kutoa hotuba yake walipanda jukwaani, wakiongozwa na Gary Simpkins. Walitaka kusikilizwa juu ya uchache wa wanafunzi na walimu weusi katika elimu ile, na baadaye baraza la chama likawapa nafasi ya kueleza madai yao. Hotuba ya Miller yenyewe, kwa ajabu, ilihusu jinsi saikolojia inavyopaswa kutolewa kwa watu wote wapate kuitumia. Wapo waliosema kwamba wanafunzi wale walikosa adabu. Lakini mtu aliyehesabiwa miaka mingi bila kuulizwa neno hana njia nyingi za kuomba ruhusa. Ile desturi ya barazani ya kungoja kuulizwa hufaa pale tu ambapo wazee hukumbuka kuuliza.

La pili lilikuwa la kimya. Mwaka huo katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts Margaret MacVicar alianzisha mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti wa walimu wao, si kama watumishi wa kuosha vyombo bali kama wenzi wadogo wa kazi. Vyuo vingi viliuiga baadaye.

La tatu laweza kumfanya msomaji atabasamu, kwa kuwa halikuhusu ila karatasi na ukuta. Katika mkutano wa wanabiokemia wa Ulaya uliofanyika Madrid, baadhi ya wataalamu walibandika taarifa za kazi zao ukutani badala ya kuzisoma. Mwaka wa 1974 jambo hilo likafanywa kwa ukubwa zaidi katika mkutano wa wanabiokemia wa Marekani mjini Minneapolis, na katika miaka hiyo ya sabini likaingia pia katika mikutano ya saikolojia. Kabla ya hapo saa ndiyo iliyokuwa bawabu. Kila makala ilihitaji dakika zake, chumba chake na mwenyekiti wake. Na dakika zikiwa chache, ni nani atakayempa kijana dakika hizo akimnyima profesa? Bango liliiondoa saa mlangoni. Ukumbi mmoja uliweza kupokea kazi mia moja kwa saa moja, kila mwenye kazi akasimama kando ya karatasi yake, na wapitao wakasimama walipotaka. Madai ya haki yalisaidia, na hisani ya walimu ilisaidia. Lakini haikosi kusemwa kwamba wanafunzi wengi waliingizwa mkutanoni na ubao na pini.

Yaliyofuata yanaweza kupitiwa upesi. Psi Chi ilikuwa na vikao vya wanafunzi katika mikutano ya kanda za Marekani, na mikutano hiyo ilifaa zaidi kwa kuwa nauli yake ilikuwa nafuu. Mwaka wa 1987 ulifanyika Asheville, North Carolina, mkutano wa kwanza wa taifa wa utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza wa masomo yote. Mwaka wa 1996 Psi Chi ilianza kuchapisha jarida la utafiti wa wanafunzi hao. Uingereza nayo ilipata mkutano wake wa namna hiyo mwaka wa 2011.

Je, mwanafunzi hupata nini hapo alipo, kando ya bango lake? Hupata kitu ambacho darasa haliwezi kumpa, nacho ni swali la mtu asiyemjua. Mwalimu huuliza akiwa na alama mkononi, na mwanafunzi hujibu akiitazama ile alama. Mgeni mkutanoni hana alama ya kutoa. Husoma, hukunja uso, kisha huuliza: Kwa nini watu arobaini? Kwa nini maswali haya na si mengine? Na swali ambalo huja karibu kila mara: Wajaribiwa hawa ni akina nani? Hapo mwanafunzi, aliyevaa nguo zake nzuri na aliyefanya mazoezi ya maneno yake usiku kucha, husema kwa sauti iliyopungua kidogo kwamba ni wenzake wa darasani. Safari yote ya kutoka jina la mjaribiwa hadi la mjaribu imemleta mahali pa kuwafanyia wenzake yale yale aliyofanyiwa.

Jambo hilo si dogo, na yafaa lisipambwe. Kuna vyuo ambavyo kusimama kwenye mkutano kumekuwa pambo la barua ya kuombea nafasi ya masomo ya juu, na mwanafunzi huharakisha jaribio ili tarehe ya mkutano isimpite. Jaribio la haraka huchukua watu wachache, na watu wachache huweza kutoa tokeo la bahati nasibu linalofanana sana na ukweli. Ugonjwa huo haukuwa wa wanafunzi peke yao. Mwaka wa 2015 kundi la watafiti wapatao 270 lilitoa taarifa ya kurudia majaribio 100 yaliyochapishwa mwaka wa 2008 katika majarida matatu yenye sifa. Katika taarifa za asili, 97 katika kila 100 zilidai matokeo yaliyopita kipimo cha hesabu. Yaliporudiwa, 36 tu katika kila 100 yalikipita kipimo hicho. Profesa na mwanafunzi walijikuta wamekalia jahazi moja linalovuja.

Katika kutafuta tiba, mwanafunzi alipewa kazi ambayo hakuna aliyeiona kuwa ya heshima hapo kwanza. Katika miaka ya 2010 walimu kadhaa walianzisha mpango ambao madarasa ya vyuo mbalimbali hurudia jaribio moja lililokwisha kuchapishwa, kwa njia iliyokubaliwa kabla ya kuanza, kisha hesabu zao zikaunganishwa. Darasa moja lina watu wachache. Madarasa ishirini yana watu wengi. Mwanafunzi wa namna hiyo akija mkutanoni haleti ugunduzi. Huleta jibu la swali la kawaida: je, lile lililosemwa ni kweli? Wapo wanaoona kwamba kazi hiyo humnyima kijana furaha ya kubuni. Furaha ya kubuni ni njema, lakini ufundi wowote huanza kwa kurudia kazi ya fundi. Mwanagenzi wa seremala hurudia mlango wa bwana wake mara nyingi, na ni katika kurudia ndipo hugundua kwamba hata mlango wa bwana ulikuwa umepinda.

Lugha nayo ilijaribu kufuata mwendo huo. Mwaka wa 1994 kitabu cha kanuni za uandishi cha chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilishauri kwamba mtu aliyejaribiwa asiitwe tena kwa neno lenye maana ya aliye chini ya mwingine, bali aitwe mshiriki. Baadaye kanuni hiyo ililegezwa. Kiswahili kimelipokea neno mshiriki, nalo limo katika tasnifu nyingi. Ni neno la adabu. Lakini mtu anayeambiwa kwamba ameshiriki jambo ambalo hakulichagua, hakulipanga, wala hakuambiwa lilikoishia, ana haki ya kushangaa maana ya kushiriki. Neno mjaribiwa ni kali zaidi. Hata hivyo ni kweli zaidi, kwa kuwa halifichi ni nani aliyetenda na ni nani aliyetendewa.

Mwanafunzi wa Dar es Salaam au wa Nairobi anayetaka kupeleka kazi yake mkutanoni hukutana na mambo haya yote kwa pamoja, na juu yake hukutana na moja ambalo mwenzake wa Chicago halijui. Vitabu vyake ni vya Kiingereza, vipimo vyake vilitungwa kwa Kiingereza, na mkutano huenda ukawa wa Kiingereza. Lakini watu anaotaka kuwauliza husema Kiswahili. Mfano mmoja watosha. Kipimo cha huzuni kilichotungwa na Lenore Radloff mwaka wa 1977 kina maswali 20, na moja kati yake hueleza unyonge wa moyo kwa neno lenye asili ya rangi ya buluu. Kwa Kiingereza ni msemo wa kila siku. Likifasiriwa kwa rangi yake, mzee wa Kilwa atadhani anaulizwa habari za bahari. Richard Brislin alishauri mwaka wa 1970 kwamba maswali yakishafasiriwa yafasiriwe tena na mtu mwingine kuyarudisha katika lugha ya kwanza, ili yalinganishwe. Njia hiyo hunasa makosa mengi. Hata hivyo mfasiri hodari huweza kuyarudisha maneno sawasawa kwa sababu tu anakijua Kiingereza na amekisia yaliyokusudiwa, na mzee yule hakijui.

Hapo ndipo mwanafunzi wa huku ana kitu cha kuwaeleza wataalamu, si kwa kuhurumiwa bali kwa kuwa anakijua. Mswahili huvunjika moyo, hufa moyo, huwa na moyo mzito, hupiga moyo konde. Haya si majina manne ya hali moja. Aliyevunjika moyo alikuwa na tumaini nalo likakatika. Mwenye moyo mzito huenda hajapoteza kitu, ila hana hamu ya jambo. Na aliyepiga moyo konde ana huzuni ile ile lakini ameamua kuibeba. Kipimo kinachoziweka hali hizo katika swali moja kitatoa nambari, na nambari hiyo itaingia katika jedwali, na jedwali litabandikwa ukutani. Mwanafunzi aliyekaa na mzee wa Kilwa akamsikiliza atajua kwamba nambari ile imefunika watu watatu tofauti. Akiulizwa mbele ya bango lake wajaribiwa wake ni akina nani, anaweza kuanza kujibu kwa kueleza walichokiita huzuni, na ni swali lipi walilolikataa.

Kabla ya hapo atakuwa amekwisha kuulizwa na wao. Mtu wa pwani akishajibu maswali ishirini ya kijana mwenye daftari, naye hutaka kujua: maneno haya yanakwenda wapi, na nani atakayeyasoma?